Duka la mikate la Ohio (kikundi cha ukoo)

Zuhura: Asalaam alaykum. Ami, shikamoo. Jamaa zetu wa Ohio wenye duka la mikate wameshitakiwa na mwenye jengo, na mfanyakazi wa zamani naye kawafungulia kesi. Wameambiwa waombe ufilisi. Kwani si ndiyo kufunga duka hiyo?

Ami Seif: Marahaba mwanangu. La. Kufunga ni Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi ya Marekani: mfilisi anauza mali, wadai wanagawana, basi. Wao waangalie Sura ya 11, ile sehemu ya biashara ndogo iliyoanza Februari 2020. Ombi likishapokewa mahakamani, kesi zote mbili zinasimama papo hapo, hawangoji jaji akubali.

Nassor: Ila zuio hilo la kesi halimkingi aliyedhamini. Mkataba wa pango mara nyingi hutiwa saini mara mbili, kwa niaba ya kampuni na kwa jina la mtu mwenyewe. Kampuni ikikingwa, yeye ataendelea kudaiwa. Watazame hilo kwanza.

Ami Seif: Sahihi. Na madeni yasizidi dola 3,424,000, angalau nusu yawe ya biashara. Dai la kesi ambalo kiasi chake bado hakijulikani halihesabiwi humo. Ukingoja hukumu, dai lishakuwa deni kamili, pengine na akaunti imeshikwa.

Zuhura: Na kodi ya jengo? Mkataba una miaka 10 mbele.

Ami Seif: Kodi ya nyuma inaingia foleni na madeni mengine. Ya tangu siku ya kufungua lazima ilipwe kwa wakati wake. Wakiamua kuhama, mwenye jengo hapati miaka yote 10. Juu ya malimbikizo, fidia yake ina kikomo: kodi ya mwaka 1, au asilimia 15 ya muda uliobaki bila ya kupita miaka 3, ile iliyo kubwa. Kwa miaka 10 ni kama mwaka na nusu. Lakini mkataba ukishavunjwa kihalali kabla ya ombi, ufilisi haufufui.

Da Rukia: Watu wanaona aibu neno muflisi, na Qur'ani yenyewe, Baqara 280, inasema mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi.

Nassor: Wa huko muda wenyewe mfupi, Da Rukia 😅 Kikao na jaji ndani ya siku 60, mpango wa kulipa ndani ya siku 90. Wadai wakiukataa, jaji bado anaweza kuupitisha: duka linatoa ziada yake yote miaka 3 hadi 5, na hisa zinabaki kwa familia. Sharti wadai wasipate chini ya kile ambacho wangepata mali ingeuzwa leo.

Zuhura: Mishahara je?

Nassor: Hapo wengi hukwama. Kama benki ina rehani juu ya mauzo, pesa za kwenye akaunti haziguswi bila ya ridhaa yake au amri ya jaji. Wakili hupeleka ombi hilo siku ileile, na bajeti ya wiki kwa wiki. Ukifungua Alhamisi ukalisahau, Ijumaa wapishi hawalipwi.

Zuhura: Kumbe. Mjomba wao aliwakopesha, mwezi uliopita wamemrejeshea dola 12,000.

Ami Seif: Ehee, hiyo ndiyo mbaya. Malipo ya mdai wa kawaida huchunguzwa siku 90 nyuma, ya jamaa wa mwenye kampuni mwaka mzima. Mjomba anaweza kudaiwa azirudishe. Wasizifiche, waziandike kwenye fomu, maana kuficha ni jinai. Na wakili ni lazima, kampuni haisimami mahakamani peke yake. Ada ya kufungua ni dola 1,738, mbali na ya wakili.

Zuhura: Wamepanga kumlipa nyengine Jumatatu.

Ami Seif: Wasimlipe! Wapigie sasa hivi, huko bado asubuhi.