Mdogo wangu wa miaka 17 kaniuliza njia ipi ya uzazi wa mpango ni bora. Nimjibuje?

Dada Mlezi
Habari zenu wadau. Mimi ndiye ninayelea wadogo zangu wawili, wa kike ana miaka 17, wa kiume 16. Shuleni wamefundishwa uzazi wa mpango juu juu, binti karudi na jedwali la njia zote, na mbele ya kila njia imeandikwa "huzuia mimba". Basi. Juzi tunakunja nguo akaniuliza, "Dada, kama zote zinazuia, kwa nini ziko nyingi hivyo?" Nikabaki nimeshika shati sijui nimwambie nini.

Anasema hajaanza mambo hayo na ninamwamini. Ila sitaki kumjibu "utajua ukikua", maana mimi nilijibiwa hivyo. Kwa binti wa umri huu, njia hizi zinatofautianaje kweli? Na huyu wa kiume nimwambie nini? Yeye anajifanya anachezea simu, kumbe masikio yote yako kwetu. Matusi sitaki. Mahubiri mafupi nitavumilia.

Pilipili Kichaa
Jibu ni moja tu, aache mpaka aolewe. Ukishamfundisha kutumia, umeshampa ruhusa.

Kobe Mpole
Mkuu Pilipili, kuacha ni njia, tena ndiyo pekee isiyokosea kabisa. Dada, mwambie hilo waziwazi wala usione haya. Ila hiyo ya ruhusa haina mashiko. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018 kuhusu elimu ya jinsia ulipitia tafiti kutoka nchi nyingi, ukaeleza kuwa elimu hiyo haiwaongezei vijana ngono wala tabia za hatari. Huyo binti kauliza akiwa hajaanza. Ulitaka aulize lini?

Mkunga Mstaafu
Mwanangu, swali la mdogo wako limelishinda hilo jedwali. Mwambie hivi: tofauti kubwa iko kwenye nani anayebeba kazi ya kukumbuka.

Chukua wanawake 100 wanaotumia njia fulani kwa mwaka mmoja, kwa jinsi watu wanavyotumia kweli, pamoja na kusahau kwao. Wa kijiti, hata mmoja hafiki anayeshika mimba. Wa kitanzi pia chini ya mmoja. Wa sindano kama 4. Wa vidonge vya kila siku kama 7. Wanaotegemea kondomu ya kiume peke yake kama 13. Kumwaga nje, 20. Wasiotumia chochote, 85. Sasa angalia vidonge: anayemeza bila kukosa hata siku moja naye yuko chini ya mmoja. Dawa ni ileile. Hao wengine ni vidonge vilivyosahaulika kwenye begi.

Kwa hiyo kwa vijana mimi huanza na kijiti. Ni kama njiti ya kiberiti, laini, kinawekwa chini ya ngozi ya mkono upande wa ndani juu ya kiwiko, kwa sindano ya ganzi. Kipo cha njiti moja cha miaka 3 na cha njiti mbili cha miaka 5. Ukigusa unakihisi hapo hapo, hakisafiri kwenda moyoni kama wanavyotishana. Kikitolewa, uzazi unarudi haraka. Ubaya wake ni hedhi kuvurugika: matone matone, au miezi bila kuona damu, au damu ya siku nyingi. Haina madhara kwa wengi, lakini binti asiyeambiwa mapema anashtuka na kukimbilia kukitoa. Nimeona sana hili, na karibu kila mara kosa lilikuwa letu sisi wahudumu tuliokuwa na haraka.

Sindano ni kila miezi 3, na wengi wanaipenda kwa kuwa haionekani. Akiiacha anaweza kuchelewa miezi kadhaa kabla uzazi haujarudi, na kwa wasichana wadogo tunaangalia mifupa, kwa sababu inapunguza kidogo uimara wake wakati anaitumia, kisha hurudi akiacha. Kitanzi, kile kidude kinachowekwa ndani ya kizazi, watu wanadhani ni cha waliokwisha kuzaa. Si kweli. Cha shaba hukaa miaka 10 na zaidi na hakina homoni, ila siku zake zinaweza kuwa nzito na tumbo likauma zaidi, hasa miezi ya mwanzo.

Shirika la Afya Duniani lilishasema kuwa umri peke yake si sababu ya kumnyima kijana njia yoyote ya muda. Mhudumu akimwambia "wewe bado mdogo, njoo ukishazaa", huyo anasema yake.

Na katika zote hizo, hakuna inayozuia VVU wala magonjwa mengine ya zinaa isipokuwa kondomu. Ndiyo maana tunasema njia mbili kwa pamoja.

Nina swali moja: kuna ugonjwa wowote, au dawa anayomeza kila siku?

Mama Pacha
Naongezea kwenye vidonge maana nilivitumia nikiwa chuo. Kumeza si kazi. Kazi ni kuvificha. Mtu anayeishi na ndugu chumba kimoja, pakiti ataiweka wapi? Siku mgeni kalalia kitanda chako, hukimezi. Siku umesafiri, pakiti imebaki nyumbani. Kama hana mahali pake mwenyewe, kwa kweli nisingemshauri.

Akivichagua hata hivyo, ajue hili kwa vile vya homoni mbili: akisahau kimoja akimeze mara akikumbuka, hata kama siku hiyo vitakuwa viwili. Akiruka viwili mfululizo au zaidi, ameze kimoja mara moja, aendelee na pakiti, na kwa siku 7 zinazofuata kondomu iwepo au asifanye ngono kabisa. Tena mwenye kipandauso kinachoanza na kuona vimulimuli asivianze hivyo vya homoni mbili mpaka amwambie daktari, kuna hatari ya kiharusi.

Fundi Saa
Huyo wa kiume niachieni. Dada, nunua kondomu, mpe afungue mwenyewe akiwa peke yake. Siku ya kwanza kuishika isiwe siku yenyewe, maana mikono itatetemeka na giza litakuwepo. Asome tarehe ya mwisho kwenye pakiti. Abonyeze aone kama ina hewa ndani, isiyo na hewa imetoboka. Asiikate kwa meno. Ashike ncha wakati wa kuivaa, na ashike shina wakati wa kutoka. Asipake mafuta ya mgando wala ya kupikia, mafuta yanaharibu mpira. Kilainishi kiwe cha maji. Mbili kwa wakati mmoja asivae, zinasuguana. Na asiikalie kwenye pochi ya mfuko wa nyuma miezi sita.

Halafu mwambie mimba si kazi ya binti peke yake, na msichana aliyenyamaza hajakubali. Hilo la pili sisi hatukuambiwa na mtu.

Pilipili Kichaa
Sawa, nimesoma yote. Sijabadilika, lakini hiyo ya kunyamaza nitamwambia wa kwangu.

Asali Chungu
Mbona hakuna aliyegusa hili? Dada, muulize kwa upole kama kuna mtu anamsumbua. Si kwa kumshuku. Mara nyingine swali la njia lina mtu nyuma yake, labda mtu mzima mwenye zawadi. Kama yupo, kijiti hakitamwokoa na huyo. Hapo anahitaji msaada wa aina nyingine, na haraka.

Dada Mlezi
Asanteni sana. Asali, nimemuuliza, hakuna mtu. Alicheka, kisha akasema rafiki yake ndiye yuko kwenye hali hiyo. Tumeanza kulishughulikia.

Bi Mkunga, shikamoo. Ndiyo, ana kifafa tangu utotoni, anatumia kabamazepini asubuhi na jioni. Sikudhani vinahusiana. Na anaogopa kliniki, anauliza kama lazima wampime ndani. La mwisho, kuna wenzake wanatumia P2, vile vidonge vya dharura, kama njia yao ya kawaida, ni sawa?

Mkunga Mstaafu
Marahaba mwanangu. Vinahusiana, tena sana. Kabamazepini inalifanya ini lisage homoni upesi, hivyo vidonge vya kila siku vinapungua nguvu, na kijiti nacho. Kwa hiyo kwa mdogo wako ile hesabu yangu ya juu inabadilika: sindano ya miezi 3 haiathiriki na dawa hiyo, wala kitanzi, cha shaba au cha homoni. Ningeanzia hapo, na kitanzi ningekiweka mbele. Vivyo hivyo kwa anayetumia rifampisini ya kifua kikuu. Lakini asije akaacha dawa ya kifafa ili kijiti kifanye kazi! Degedege ni hatari kuliko yote tunayozungumza hapa. Na siku atakapotaka mtoto, aongee na daktari wake wa kifafa kabla ya kushika mimba, kwa kuwa dawa hizo zingine humgusa mtoto tumboni.

P2 ni ya dharura, kondomu ikipasuka au mtu akibakwa. Inafaa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Haimharibu kizazi, lakini kuifanya njia ya kila wiki ni kuchagua kinga iliyo dhaifu kuliko karibu zote, na kwa mwenye kabamazepini ni dhaifu zaidi. Kwake yeye dharura nzuri ni kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5.

Kupimwa ndani si lazima kwa sindano, vidonge wala kijiti. Watamuuliza maswali, watahakikisha hana mimba, na kwa vidonge vya homoni mbili watapima presha. Kitanzi ndicho kinachohitaji kuangaliwa ndani, kwa sababu huko ndiko kinakowekwa, na ana haki ya kuomba mhudumu wa kike na wewe uwe chumbani. Hana haja ya kusubiri aone siku zake ndipo aende. Aende na pakiti ya dawa ya kifafa mkononi, aionyeshe kabla hajaulizwa.