"Present" ya Van der Graaf Generator: diski ya pili ina kazi gani?

Santuri Mkongwe:
Ndugu zangu, Van der Graaf Generator, bendi ya roki ya Uingereza, nimekuwa nikiwasikiliza kwa zile albamu zao za miaka ya 1970 tu, hasa "Pawn Hearts" na "Godbluff". "Present", albamu ya mwaka 2005 iliyowakutanisha tena, nilikuwa naikwepa, kwa kuwa bendi nyingi za roki ya progresivu (roki ya nyimbo ndefu na tata) zikirudiana huishia kujikariri. Sasa nimeisikiliza. Diski ya kwanza, yenye nyimbo sita, imenikamata. Ya pili, ambayo ni zaidi ya saa nzima ya muziki uliobuniwa papo kwa papo, imenishinda njiani. Nyinyi mnaipimaje? Naomba kuwasilisha.

Kinanda na Pedali:
Mkuu, mimi naihesabu diski ya kwanza miongoni mwa kazi zao bora, na sababu kubwa ni kwamba haijifanyi kijana. Wanaume hawa wanne walikuwa hawajarekodi albamu pamoja tangu "World Record" ya mwaka 1976, na Peter Hammill, mwimbaji wao, alikuwa amepata mshtuko wa moyo mwishoni mwa 2003, muda mfupi kabla hawajakutana Devon, Uingereza, kuanza kurekodi bila kumtangazia mtu. Ndiyo maana "Abandon Ship!" inaucheka uzee badala ya kuulilia.

Sikiliza namna "Every Bloody Emperor" inavyofungua albamu: wimbo hauna haraka, filimbi ya David Jackson inapita juu ya kinanda cha Hugh Banton, na Hammill anawasema watawala waongo kwa sauti iliyokwaruzika ambayo hakuwa nayo ujanani, na ambayo inaufaa wimbo huo kuliko ile ya zamani. "Nutter Alert" ndiyo inayofanana zaidi na enzi za "Godbluff", kwa jinsi saksofoni na kinanda vinavyosukumana. Gitaa la "In Babelsberg" kwangu ni kali kupita kiasi, ila hilo ni suala la masikio ya mtu. Diski ya pili, kusema kweli, ningeikata nusu.

Msikivu wa Usiku:
Kwa heshima zote, ndugu Kinanda, hapo sikubaliani nawe. Diski ya pili si masalia yaliyotupiwa humo ili kujaza nafasi. Ni kumbukumbu ya wanamuziki wanaotafutana upya baada ya takriban miaka 30, na utasikia mara kadhaa Jackson akianzisha jambo, Guy Evans akilijibu kwa ngoma, kisha wote wakaliacha kwa sababu halikuzaa kitu. Hayo ya kuliacha ndiyo yanayomchosha msikilizaji, nakiri, lakini ndiyo pia yanayoeleza kwa nini nyimbo sita za kwanza zinapumua namna ile. Isitoshe, Jackson aliondoka baada ya maonyesho ya mwaka huohuo, na "Trisector" ya 2008 wakaitengeneza watatu tu. Mazungumzo ya wanne hao studioni, kwa urefu huo, huyapati kwenye albamu nyingine. Ushauri wangu ni kwamba usiisikilize mara tu baada ya ya kwanza. Ipe siku yake.

Bwana Besi:
Mimi naongeza jambo moja tu. Anayetaka kuipima "Present" kwa haki atafute "Real Time", rekodi ya onyesho lao la Royal Festival Hall, London, la tarehe 6 Mei 2005. Humo "Every Bloody Emperor" inakuja mara tu baada ya "Refugees", wimbo wa mwaka 1970 ambao mashabiki wanauabudu, na haipwayi hata kidogo.

Santuri Mkongwe:
Nashukuru sana, wakuu. Diski ya pili nitairudia peke yake Jumapili. Ila ndugu Kinanda, hiyo nusu ungekata ipi?

Kinanda na Pedali:
Ya mwisho. Msikivu atanuna.