Joto linayeyusha kila kitu? Mbona chumvi ya Nunge inatolewa na jua

mama_ukwaju: Wakuu habari za mchana, nipo Bagamoyo huku nauza juisi. Sukari nikiitia kwenye maji ya baridi inatuama chini hata nikoroge vipi, nikichemsha inapotea fasta. Dogo wa form two hapa home anasema joto linayeyusha kila kitu, nikamuuliza mbona kule Nunge kwenye mashamba ya chumvi jua ndo linaitoa chumvi majini, si ingezidi kuyeyuka? Kimya. Nieleweshe mwenye kujua.

ticha_wa_kemia: Swali zuri sana hili dada. Tenganisha kuyeyuka haraka na kuyeyuka kwingi. Haraka, joto linasaidia karibu vitu vyote vigumu, lakini kiasi kinachoingia mpaka maji yashibe, yani yasiweze kuyeyusha zaidi, kila kitu kina tabia yake. Gramu 100 za maji ya nyuzi 20 zinabeba sukari kama gramu 200, yakichemka zinapita 480! Chumvi sasa, maji ya kawaida gramu 36 hivi, ya kuchemka 39 tu. Kwa hiyo pale Nunge jua halifukuzi chumvi, linafukuza maji yenyewe, yanapanda kama mvuke chumvi inabaki, na maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 tu kwa lita yani yako mbali sana na kushiba, lazima karibu sehemu tisa katika kumi za maji ziondoke ndo chumvi ianze kukaa chini. Na juisi yako haijashiba sukari, sukari inachelewa tu kuyeyuka kwa sababu ya baridi.

wa_chumbageni: Hapo kwenye kila kitu dogo kakosea, hewa ni kinyume kabisa. Fungua soda iliyokaa juani uone povu. Maji ya nyuzi 0 yanashika oksijeni kama miligramu 14 kwa lita, ya nyuzi 30 nusu yake tu, ndo maana samaki wa bwawani wanahema juujuu joto likizidi. Hata ule utandu mweupe ndani ya birika, maji ya kisima yakichemka gesi ya kaboni dayoksaidi inatoka, na bila hiyo gesi chokaa haiwezi kubaki imeyeyuka, inaganda.

mama_ukwaju: Asanteni jamani, dogo nimempa simu asome mwenyewe. Sasa ticha lazima nichemshe maji yote?

ticha_wa_kemia: Hapana, utamaliza mkaa bure. Yeyusha sukari yote kwenye maji kidogo ya moto, ipoe, ndo uchanganye na ukwaju wa baridi.