Roboti la kampuni ya basi limemkosesha mama arobaini ya kaka yake

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Jumamosi mama alikuwa aende Lushoto kwenye arobaini ya mjomba. Kampuni ya basi siku hizi haina mtu wa kupokea simu, wameweka roboti WhatsApp, linajibu kwa Kiswahili. Mama kauliza vizuri tu: "Basi la Lushoto linaondoka saa ngapi?" Likajibu: "Basi linaondoka saa 8:00 asubuhi."

Niambieni, saa nane asubuhi ndiyo saa ngapi? Mama ana miaka 67, na kwake saa nane ni ya mchana au ni usiku wa manane. Akasema hapo wamekosea neno tu, watakuwa wamemaanisha mchana. Saa sita na nusu tuko Mbezi, stendi ya Magufuli, begi mkononi na mchele wa shughuli. Basi liliondoka saa mbili asubuhi!

Nikachukua simu yake nikaandika mwenyewe: "Hatujasafiri, tunaomba nauli irudishwe." Jibu: "Tunafurahi kwamba umesafiri nasi."

Mimi kazi yangu ni kompyuta, haya mambo nayajua kiasi. Programu hizi hazisomi neno kama tusomavyo sisi. Zinalikata vipande, halafu zinabashiri kipande kinachofuata kutokana na maandishi zilizojifunzia, na mengi ya hayo ni Kiingereza. Kiswahili kinakatwa ovyo. "Hatujasafiri" ni neno moja lakini lina mtendaji, wakati na ukanushi humo humo. Kukataa kote kumo kwenye "ha-" na "-ja-". Visipotiliwa maanani hivyo, inabaki "safiri", roboti linashangilia. Saa nayo ni hivyo hivyo: limechukua 8:00 ya Kizungu, likabandika "asubuhi", basi. Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza, hilo mtoto wa shule ya msingi anafundishwa.

Na asije mtu hapa kuniambia Kiswahili ni lugha ndogo. Google Translate inacho tangu 2009. UNESCO imekipa siku yake, 7 Julai. Masakhane, vijana wa Kiafrika, wanahangaika na lugha zetu kwenye mashine tangu 2019. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kampuni kukaa na roboti lake nusu saa, aliulize ratiba kwa Kiswahili, asome majibu, kabla ya kuwakabidhi wazazi wetu.

Nimeenda dirishani kwao. Dada wa tiketi kaniambia, "Kaka, mfumo ndio uliosema hivyo, sisi hatuna la kufanya." Arobaini imesomwa, dada wa marehemu yuko Dar anakunja nguo alizopiga pasi Ijumaa.

Nataka nauli ya mama. Nataka ratiba iandikwe saa 2 asubuhi, na namba ya simu inayopokelewa na binadamu. Kama kuna mwingine aliyeachwa na basi kwa jibu kama hilo, aweke hapa. Jumatatu narudi pale, meseji zote nimeshaziprinti.