Naomba ushauri: nataka kurudisha kadi ya chama nibaki huru

Mama Karafuu: Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, matusi sitaki. Chama hiki nimekitumikia tangu usichana, ada nalipa, vikao sikosi. Kwenye uchaguzi wa ndani nimefanyiwa mizengwe: wajumbe usiku wanakula kwangu, asubuhi hawanijui. Nimeamua kurudisha kadi na sihamii popote. Uchaguzi ujao nagombea kata kama mgombea binafsi. Sasa, barua napeleka kwa katibu kata au wilayani?

Fundi Saa: Mgombea binafsi wa nchi gani? Hapa Tanzania bila kudhaminiwa na chama hugombei hata udiwani. Mchungaji Mtikila alishinda kesi ya mgombea binafsi Mahakama Kuu 1994, Bunge likabadilisha Katiba mwaka huohuo. Akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010. Mahakama ya Afrika, Arusha, ikampa haki 2013. Amefariki 2015 na mlango bado umefungwa.

Babu Tumbaku: Mimi nilirudisha kadi 1995 enzi za moto wa mageuzi. Shemeji yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, akagoma kula msibani kwetu kwa sababu yangu. Wali ukaliwa, yeye kakaa nje na bakora yake. Siasa mbaya nyie.

Jirani wa Namanga: Poleni majirani. Huku Kenya Katiba ya 2010, Kifungu cha 85, inakuruhusu, mradi usiwe mwanachama wa chama miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kiti cha wadi ni sahihi 500 za wapiga kura. Kawira Mwangaza alichukua ugavana wa Meru 2022 bila chama. Lakini wawakilishi wadi walimwandama mpaka akang'olewa. Bila chama, siku ya vita uko peke yako.

Dada Mwokovu: Umeomba kabla ya kuamua? Hasira ya kura si sauti ya Mungu.

Toka Tu: Dada usisikilize waoga. Rudisha hata kesho asubuhi. Heshima kwanza.

Fundi Saa: Kuna kitu hujasema. Mwanachama wa kawaida akichoka anaacha kulipa ada, basi. Kadi ya mpiga kura haina chama. Wewe unahangaika na barua ya nini? Una cheo?

Mama Karafuu: Mbona mnanihoji kama polisi.

Fundi Saa: Una cheo?

Mama Karafuu: Haya. Ni diwani wa viti maalum, vile vya wanawake vinavyogawiwa kupitia orodha ya chama. Na nina mkopo wa benki unakatwa kwenye posho. Lakini hayo hayahusiani na nilichouliza. Wale wabunge 19 wa viti maalum wa CHADEMA, chama chao kiliwavua uanachama Novemba 2020 na bungeni walibaki. Mimi kwa nini nisibaki?

Fundi Saa: Wale walifukuzwa, wakapinga na kwenda mahakamani. Wewe unajitoa kwa mwandiko wako. Ukiacha chama kilichokupa kiti, kiti kinabaki kwao. Na viti maalum havina uchaguzi mdogo, anachukuliwa anayefuata kwenye orodha. Benki haitakuuliza itikadi.

Mama Karafuu: Sasa nifanyeje na barua nilishampa katibu kata juzi? Siwezi kurudi nyuma, nitaonekana sina msimamo. Wananchi wananipenda mimi, si chama.

Kijiko cha Sukari: Subirini. Mwanzo anauliza barua apeleke wapi, sasa alishapeleka juzi. Mwanzo mwanachama tu, sasa diwani, na diwani mzima hajui kwamba hakuna mgombea binafsi? Wakuu, hii ni chai. Leteni vitafunwa.

Babu Tumbaku: Madiwani wasiojua kanuni ninao wawili mtaani kwangu. Hapo hujathibitisha kitu.

Dada Mwokovu: Kama ni uongo, Mama Karafuu atubu. Nimekesha nasoma.

Mama Karafuu: Chai kunyweni wenyewe. Niliuliza kama nimruke katibu niende wilayani kwa sababu katibu kaiweka barua chini ya rejista ya wanachama, hajaigonga muhuri, kasema "mama nenda ukapumzike".

Fundi Saa: Haijagongwa muhuri?

Mama Karafuu: Bado. Na nakala yangu haina sahihi yake.

Fundi Saa: Basi hapo huenda umepona. Kesho kabla ya saa tatu uwe ofisini kwake, uichukue barua yako, uichane mbele yake. Ukitaka kutoka, subiri mkopo uishe.

Toka Tu: Usikubali! Wilayani wanafungua saa moja na nusu. Peleka nakala huko, wakugongee muhuri, umalize.

Kijiko cha Sukari: Toka Tu, uzi mzima wewe ndiye mwenye haraka kuliko mwenye barua. Samahani, wewe ni namba ngapi kwenye orodha?

Babu Tumbaku: 😂😂😂

Toka Tu: Mimi ni mwanaume.

Kijiko cha Sukari: Mkeo je?