Kampuni za safari za siku moja Nyerere, mnatuuzia boti ambayo hampandishi mtu

Wakuu, nimesubiri siku nne nipoe ndipo niandike. Sijapoa.

Jumamosi nilimpeleka mama yangu Hifadhi ya Taifa ya Nyerere pamoja na wanangu wawili. Mama ana miaka 71. Ombi lake lilikuwa moja: apande boti Mto Rufiji aone viboko. Simba hakuwataja hata mara moja. Kampuni niliyoilipa (jina naliweka kando kwa sasa) ilitangaza safari ya siku moja kutoka Dar: kuzunguka na gari, boti mtoni, kutembea kwa miguu na askari, na kuoga kwenye maji moto ya Tagalala. Yote hayo siku moja, na chakula cha mchana humo humo. Nikalipa. Elfu 80 ya boti kwa kila kichwa imeandikwa mstari wake kwenye risiti, ninayo.

Sasa pigeni hesabu ambayo mimi sikuipiga. Tulitoka Mbagala saa 10 alfajiri. Lami unaiachia Kibiti, kuanzia hapo mpaka Mloka, kijiji kilicho jirani na hifadhi, ni vumbi na mashimo. Geti la Mtemere tumefika saa 5 kasoro robo. Tunakuta kiingilio hakijalipiwa, dereva anahangaika kupiga simu ofisini kwao atumiwe namba ya malipo, mtandao unakatika. Tumeingia saa 6 kasoro. Dereva akatuambia saa 9 lazima tugeuze, tusije tukasafiri usiku.

Masaa matatu, ndani ya hifadhi yenye kilomita za mraba zaidi ya 30,000! Maji moto yako mbali na geti hilo. Kutembea kwa miguu ni shughuli ya asubuhi kabla jua halijachoma, na askari wa getini alinieleza kwa upole kwamba mwanangu wa miaka 8 asingekubaliwa. Boti nayo utamu wake ni kuanzia saa 10 jioni, jua likishuka. Aliyeandika lile tangazo alijua tangu mwanzo kwamba haviwezekani. Na boti haikuwahi kuagizwa, maana nilipouliza nikaambiwa "imejaa", nilipokaza nikaambiwa "ofisi itakupigia".

Hayo masaa matatu tumeyatumia kumfukuzia simba kwa simu ya upepo. Tumepita Ziwa Manze mbio. Pale kuna viboko, miti ya mivumo imesimama majini, ndege furukombe analia juu yake. Mama akasema, "Baba, simama kidogo tuangalie." Dereva akajibu, "Mama, simba wataondoka." Simba wenyewe tumewakuta wamelala chini ya kichaka, hawana habari na mtu. Magari saba yamewazunguka injini zikiunguruma, moja limeacha barabara likapanda majani, jambo ambalo ni marufuku na kila dereva anajua. Tumekaa hapo dakika arobaini tukivuta moshi wa dizeli. Kijana wa watu simlaumu sana, ametumwa, na amezoeshwa kwamba abiria akiona simba bakshishi inanona.

Kinachoniuma ni kwamba Nyerere haipaswi kutembelewa hivyo. Wengi tuliijua kama Selous kabla sehemu yake ya kaskazini haijapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Uhai wake ni mto na yale maziwa yanayolishwa na mto: Manze, Nzerakera, Siwandu, Tagalala. Kiangazi wanyama wote wanashuka huko kunywa maji, kwa hiyo ukikaa sehemu moja ukatulia, wanakujia wenyewe. Ni mojawapo ya sehemu chache Afrika ambako mbwa mwitu bado ni wengi. Kutoka kwenye boti unamwona mamba ameachama juu ya mchanga na ndege waliotoboa kingo za mto kwa viota. Kumpeleka mtu huko bila kumgusisha maji ni kumpeleka Zanzibar ukamrudishia bandarini.

Anayepanga kwenda, asikubali siku moja kwa gari kutoka Dar, hata wakimpunguzia bei. Lala Mloka. Jioni uliyofika panda boti, kesho yake uwe getini saa 12 asubuhi linapofunguliwa. Boti dai uthibitisho wa maandishi kutoka kwa mwenye boti, siyo kutoka kwa wakala. Aprili na Mei achana napo, ule udongo mweusi ukilowa gari halitoki. Na mwambie dereva mapema, kabla hajawasha gari, kwamba wewe ndiye unayesema tusimame wapi.

Kuhusu pesa yangu: boti watu wanne ni 320,000. Nimeidai kwa simu Jumapili, nimeidai kwa maandishi Jumatatu, tangu jana namba yangu haipokelewi. Mama hajalalamika hata neno. Ameniuliza tu kama ule mto tuliouona kwa mbali tukiwa kwenye gari ndio wenyewe.

Mwenye kujua malalamiko ya namna hii yanapelekwa ofisi gani, na kama risiti pekee inatosha, naomba anielekeze hapa hapa.