Kabati la umeme au kasha la silika jeli kwa kuhifadhi maiki?

mpiga_kinanda: Wadau, wiki hii nataka kununua kitu cha kuhifadhia maiki zangu 6. Yamebaki mawili: kabati la umeme linalopunguza unyevu, au kasha la plastiki lisilopitisha hewa na pakiti za silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu). Lipi linadumisha maiki?

fundi_miksa: Maiki za aina gani, mkuu? Dainamiki (zile ngumu za jukwaani), kondensa (za utando mwembamba wenye chaji ya umeme) au riboni (za utepe mwembamba wa chuma)? Na chumba kina unyevu kiasi gani? Bila hayo tunapiga ramli.

binti_sauti: Kasha, sioni cha kujadili. Silika jeli ya rangi inabadilika ikishashiba maji, unaikausha kwenye oveni, unairudisha. Kabati umeme ukikatika umekwama.

fundi_miksa: Kabati likifungwa vizuri halijai unyevu kwa saa chache. Mimi langu liko kwenye unyevu wa asilimia 45, sijutii.

mzee_wa_studio: Ngojeni niwaeleze yaliyonikuta. Nilirekodi waimbaji kwa kondensa yangu ya utando mpana, kazi ilipoisha nikaifungia palepale kwenye kasha lake la sponji, mate hayajakauka. Ikakaa humo miaka. Siku naifungua, sponji imekuwa kama ulimbo, imenata kwenye wavu, chengachenga zimeingia ndani. Kuiwasha, inatatarika kama kuni mbichi. Fundi akanieleza kuwa utando ule una unene wa maikroni chache tu. Uchafu na unyevu vikikaa hapo, chaji inavuja. Ilibidi kubadilisha kapsuli, yaani kile kipande cha ndani chenye utando kinachonasa sauti. Iliniuma sana. Sasa naianika kwanza usiku kucha, ndipo naifungia.

dj_koti: Mate yanaondoka kwa spiriti tu. Napulizia kwenye wavu, basi.

binti_sauti: Usipulizie maiki ikiwa nzima! Fungua wavu, uoshe kwa maji na sabuni laini, sponji yake ikauke kabisa ndipo urudishe. Hiyo ni kwa dainamiki ya wavu wa kufungua. Kondensa usiiguse ndani.

dj_koti: Sabuni inaacha harufu. Spiriti inaua vijidudu.

binti_sauti: Spiriti weka kwenye kitambaa, si kwenye maiki.

mpiga_kinanda: Samahani, nilisahau: dainamiki 4, kondensa 1, riboni 1.

mzee_wa_studio: Riboni! Hiyo isimame wima, ikilala muda mrefu utepe unalegea. Na asiijaribu mtu kwa kuipuliza. Hilo kabati lina urefu wa kuisimamisha?

mpiga_kinanda: Sijapima.

fundi_miksa: Na unyevu wa chumba?